Shajara ya mradi: gemu gani linafaa kuwa deki ya muvi na chanzo cha saraundi

Jumamosi: kukusanya vyombo

Deki ya DVD ya sebuleni imeanza kuchagua CD, leo inasoma kesho inagoma, lenzi imechoka, na fundi kasema wazi kwamba lenzi mpya na pesa ya ufundi inakaribia bei ya deki nyingine ya mtumba. Nikaangalia chini ya TV, kuna PS2 ya zamani, kuna PS3 ile ya kwanza nene, mpwa wangu ana PS4 kwao Tabata, jamaa yangu wa banda la gemu pale Sinza ana Xbox One S imekaa tu haina mtu maana vijana wote wanataka mpira kwenye PS, na shemeji ana PS5. Zote hizo zinasoma diski. Deki ninunue ya nini?

Basi mradi ndo huo wakuu, nazipitisha zote moja moja kwenye resiva yangu (kile chombo kinachopokea sauti na kuigawia spika) nione ipi inacheza muvi vizuri na ipi inatoa saraundi kamili, chaneli zote, sio ile ya spika za mbele zinalia halafu za nyuma zimekaa kama pambo. Picha sina presha nayo sana, kuanzia PS3 kuja juu Blu-ray ni 1080p na ukikaa kwenye kochi tofauti ya mashine na mashine utaitafuta kwa tochi. Sauti ndo inayonisumbua.

Resiva yenyewe ni ya mtumba, ya mwaka 2007, spika tano na sabufa inayojitegemea. Nyuma ina matundu mawili ya HDMI ya kuingizia, mawili ya optikali (waya wa sauti unaopitisha mwanga), na matundu ya RCA mengi hadi unapotea. HDMI yake ni toleo la 1.2 na hapo ndipo kesi yote ilipo, manake HDMI tangu toleo la kwanza kabisa inabeba sauti ya PCM (ile ambayo haijabanwa) hadi chaneli nane, ila Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, sauti kubwa za Blu-ray, zikiwa bado zimefungwa zinataka 1.3 kwenda mbele, na dikoda (vifunguzi vya sauti) za ndani ya hii resiva zinajua Dolby Digital na DTS za kawaida basi. Jamaa mmoja muuza spika Kariakoo aliniambia "kaka hiyo achana nayo, chukua saundiba". Sijaachana nayo, spika zake zinapiga vizuri kuliko saundiba yoyote niliyosikia kwa bei ninayoiweza.

Jambo moja kabla sijaanza, kwenye kulinganisha sauti mtu anajidanganya kirahisi sana. Diski ya Dolby ina namba ndani yake inaitwa dialnorm, inaiambia dikoda ishushe sauti kwa kiasi fulani ili maongezi ya muvi zote yakae usawa mmoja, ndo maana traki ya DTS ya muvi ileile mara nyingi inasikika kubwa zaidi na watu wanasema "DTS ndo baba". Sio ubora huo, ni voliumu. Kwa hiyo nimeweka simu kwenye kochi na programu ya kupima desibeli, kila mashine naisawazisha na mlio uleule kabla sijatoa hukumu. Simu sio kipimo cha maabara najua, ila kwa kulinganisha kitu na kitu inatosha.

Jumapili: PS2, halafu PS3 kwa optikali

Nimeanza na PS2 kwa heshima tu. Ilitoka Japani Machi 2000 na kwa nyumba nyingi ndiyo ilikuwa deki ya kwanza ya DVD, watu walinunua gemu wakapata deki humohumo. Wengi hatukujua kwamba nyuma kuna tundu la optikali, tulikuwa tunachomeka tu ule waya wa njano mwekundu mweupe na maisha yanaenda. Nimechomeka optikali, nikaingia kwenye seti-apu ya DVD kuhakikisha Dolby Digital na DTS zimewashwa, nikaweka diski halali ya DVD, na resiva ikawasha taa ya Dolby D, spika zote tano zinaongea. Mashine ya miaka ishirini na kitu hiyo! Picha ndo imepauka kwenye TV ya leo, hapo hamna ujanja.

Kwenye gemu PS2 haina ubavu wa kupakia Dolby Digital muda wote wakati unacheza, nyingi zinatoa stereo au Pro Logic II, chaneli zimefichwa ndani ya stereo na resiva inazichambua. Xbox ya kwanza ya 2001 ndiyo ilikuja na chipu ya kutengeneza Dolby Digital 5.1 papohapo gemu likiendelea, kwa wakati ule hatari. Cha kuchekesha Xbox hiyohiyo haichezi DVD mpaka ununue rimoti na kidude chake cha kuchomeka mbele, vinauzwa pembeni.

Mchana nikahamia PS3. Hii ni ile ya kwanza, kilo tano, inameza diski yenyewe bila trei. Kwanza nimeipa optikali makusudi, maana watu wengi wenye hom thieta za zamani hawana HDMI ya sauti, wana optikali tu. Matokeo yako wazi: DVD inatoka Dolby Digital au DTS kamili. Blu-ray yenye TrueHD inatoka Dolby Digital ya kawaida, ile ya hadi 640 kbps ambayo lazima iwepo kwenye diski pembeni ya TrueHD, na yenye DTS-HD inatoka ile DTS ya ndani yake ya karibu 1.5 Mbps. Kwa nini haitoi kubwa yenyewe? Piga hesabu, chaneli sita mara sampuli 48,000 kwa sekunde mara biti 24 ni karibu Mbps 7, na njia ya optikali kwenye vyombo vya nyumbani ilipangwa kubeba PCM ya chaneli mbili, ukitaka sita lazima zibanwe kwa Dolby au DTS. Waya wa bei ghali hautaibadilisha hiyo. Yule aliyekuuzia optikali yenye kichwa cha dhahabu amekuuzia dhahabu kwenye waya unaopitisha taa nyekundu.

Na niseme ukweli, Dolby Digital ya 640 sio mbaya hata kidogo. Kama una optikali tu usilie.

Jumatatu usiku: PS3 nene kwa HDMI

Hapa ndo patamu. Hii PS3 ya mwanzo ina sifa mbaya kwa watu wa sauti kwa sababu haiwezi kutuma TrueHD na DTS-HD zikiwa zimefungwa, yaani bitistrimu, kwenda kwenye resiva. Ilipotoka Novemba 2006 na miaka iliyofuata watu walinuna kwamba taa ya TrueHD kwenye resiva zao mpya haiwaki. Lakini mashine yenyewe ndani inazifungua zote mbili kwa programu, halafu inazituma kama PCM ya chaneli nyingi. Fikiria kifurushi kilichotumwa kwa basi, kikifunguliwa stendi au kikifunguliwa nyumbani mzigo ni uleule. TrueHD na DTS-HD Master Audio hazipotezi kitu, zikishafunguliwa ni sampuli zilezile biti kwa biti, awe kafungua PS3 au kafungua resiva.

Sasa resiva yangu haijui kufungua, ila kupokea PCM inajua. Unaona zinavyofaana?

Njia yake: Settings, kisha BD/DVD Settings, pale kwenye sauti ya HDMI weka Linear PCM. Ukiacha Bitstream kwenye hii nene, TrueHD inashuka kuwa Dolby Digital ya kawaida, na ndo wengi walivyoziacha. Halafu nenda Sound Settings, uambie mashine HDMI, chagua otomatiki, inaisoma resiva yenyewe na kujitikia PCM 5.1 na 7.1.

Nikaweka Blu-ray, nikabonyeza Select kwenye pedi. Juu ya skrini kunatokea maandishi madogo, muda wa muvi, aina ya video, na upande wa sauti pameandikwa Dolby TrueHD, 48kHz, 24bit, 5.1Ch, na pembeni kuna namba ya Mbps inayopandashuka kila sekunde, kwenye pazia la giza la watu wawili wanaongea inateremka, gari likilipuka inaruka. Nimekaa naangalia hiyo namba kuliko muvi. Geuka kwenye resiva, kioo chake kinasoma MULTI CH PCM na vile viboksi vya chaneli vimewaka vyote, L C R SL SR na LFE (ile ya besi ya sabufa). Ukiweka DVD namba inakuwa ndogo, kikomo cha DVD nzima picha na sauti ni karibu Mbps 10 wakati Blu-ray inafika 48.

Tofauti na jana kwa optikali? Ipo, ila sio ile ya kuruka kwenye kochi. Nilichosikia ni mvua. Kwenye optikali mvua ni sauti moja pana nyuma ya kichwa, kwenye PCM matone yanatengana, unasikia lile la bati na lile la majani. Maongezi ya katikati yaleyale.

Tatizo dogo la sabufa: kwa PCM ilikuwa imepoa ukilinganisha na Dolby Digital. Hii inajulikana, chaneli ya LFE inarekodiwa desibeli 10 chini na mpokeaji ndo anatakiwa kuirudisha juu, resiva kadhaa za miaka ile zinafanya hivyo kwa Dolby na DTS lakini zinasahau kwa PCM ya HDMI. Yangu kwenye menyu ina sehemu ya kupandisha LFE kwa kila tundu, nimeipandisha kwa tundu la PS3 tu, simu ikathibitisha. Mama watoto naye akathibitisha, kaja kuuliza nini kinatikisa vyombo kabatini.

Jumatano: Slim ya jirani

PS3 Slim ilitoka Septemba 2009 na hiyo ndiyo iliyorekebisha bitistrimu, inatuma TrueHD na DTS-HD zikiwa zimefungwa. Kwangu haina msaada. Ukiiweka Bitstream inaisoma resiva, inaona haijui TrueHD, inaipa Dolby Digital. Ukiiweka Linear PCM inafanya sawasawa na ile nene. Kwa hiyo kama una resiva mpya chukua Slim, taa itawaka roho itulie, sauti ni ileile.

Ila kuna mambo mawili ambayo Slim inashinda kweli. Moja ni kelele. Hii nene feni yake muvi ikifika saa ya pili na joto la Dar inavuma, na saraundi kazi yake kubwa ni vitu vidogo vya nyuma, upepo, nyayo, sasa kama feni iko mbele yako inavuma hizo hela za spika za nyuma umetupa. Nimeipeleka kwa fundi akaifungua, akatoa vumbi la kutosha kupanda mchicha, akabadilisha pasta ya kupozea, imepungua sana ila kimya kama Slim haiwi. La pili ni umeme. Power saplai ya hii nene imeandikwa 380W, hailambi zote hizo kwenye muvi, lakini deki ya kawaida ya Blu-ray hata Wati 25 mara nyingi haifiki. Mwenye LUKU anaelewa.

Na rimoti! PS3 haina jicho la infraredi, ni Bluetooth, ile rimoti ya dukani ya kila kitu haiioni. Slim angalau inaelewana na TV kupitia HDMI, rimoti ya TV inasimamisha na kuendeleza muvi. Nene hapana, ni pedi, na pedi ukiikalia gizani muvi inaruka mbele.

Ijumaa: diski zinazokataa

Leo sio sauti, leo ni rijeni, nimechoka nayo ila lazima niiandike maana mtu atanunua mashine halafu aje kulia.

DVD ziligawanywa kwa kanda. Sisi Tanzania na Kenya na sehemu kubwa ya Afrika tuko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Ulaya, Japani na nchi za Ghuba ni kanda ya 2, Marekani na Kanada ni ya 1. Blu-ray wakagawa upya, A ni Amerika na Japani na Korea, B ni Ulaya, Afrika nzima, Mashariki ya Kati na Australia, C ni Uchina, India, Urusi. Sasa tazama vitu vya nyumbani kwangu: PS3 imetokea Dubai, kwa hiyo DVD ni 2 na Blu-ray ni B. Shangazi yetu wa Muscat akija huleta diski za kule, zote zinaingia bila kesi. Xbox ya yule jamaa wa Sinza imetoka Marekani na ndugu yake, Blu-ray ni A, diski za shangazi inazitema. Diski nyingine hazina kizuizi, nyingine zinacho, hutajua mpaka uweke.

Gemu za PS3 karibu zote hazina kizuizi na ndo maana watu wanadhani muvi nazo ziko hivyo. Na PS3 ya Marekani haichezi DVD ya mfumo wa picha wa PAL hata kama diski haina rijeni, wakati ya huku inacheza PAL na NTSC. Ukinunua mtumba uliza imetoka wapi kabla hujauliza bei. Diski za 4K, zile UHD, hazina rijeni kabisa, angalau hapo walitumia akili.

Nimejaribu pia zile DVD za mtaani, diski moja muvi nane. Resiva inasoma 2/0, stereo, haijalishi mashine gani. Hakuna gemu litakalozalisha saraundi ambayo haimo, unachoweza ni kuwasha Pro Logic II kwenye resiva ikuchanganyie kidogo nyuma. Muvi zetu nyingi za Bongo nazo ni stereo, kwa hizo optikali, HDMI, vyote sawa.

Halafu CD za muziki. Mzee ana sanduku la taarab. PS3 inazicheza vizuri, na ya mwanzoni kama hii hata SACD (CD za sauti ya ubora wa juu) inasoma ingawa sina hata moja. Xbox One inacheza CD. PS4 na PS5 hazichezi CD za muziki kabisa, unaingiza inakwambia haiitambui. Mashine ya 2020 inashindwa na kitu ambacho redio ya chumbani ya miaka ya tisini inaweza. Sijui walifikiria nini.

Jumamosi: PS4 ya mpwa

Dogo kaja nayo mwenyewe kwenye begi la shule, hataki iguswe akiwa hayupo. Ni ile ya kwanza ya 2013, nimefurahi maana ina optikali, kwenye PS4 Slim ya 2016 waliiondoa, kwenye Pro wakaibakiza.

Kwanza ilikataa. PS4 ikiwa haijawahi kuingia intaneti kabisa haichezi DVD wala Blu-ray mpaka iwashiwe huduma hiyo mara moja mtandaoni, yake ilikuwa imefutwa na kuanza upya, kwa hiyo bando langu likaingia kazini, na kwa kuwa iko mtandaoni ikaomba na apdeti. Xbox One nayo ina yake, pleya ya Blu-ray ni programu unaipakua dukani bure, bila hiyo diski haifunguki. Na PS5 mpya zile nyembamba za 2023, kisomea diski kinachomekwa pembeni na lazima ukiunganishe kwa intaneti mara ya kwanza. Ukinunua mojawapo kwa ajili ya bibi kijijini hilo lifanye kabla hujapanda basi.

Ikakubali. Muvi ikiwa inacheza bonyeza Options, ingia kwenye mipangilio, kwenye Audio Format kuna Linear PCM, Bitstream Direct na Bitstream Mix. Kwa resiva yangu ni Linear PCM, kioo kikasoma MULTI CH PCM tena, safi. Dogo kakaa katikati ya kochi ananisikiliza nusu, mara akauliza, "Anko, mbona za nyuma hazilii?" Kweli, kwenye gemu lake zilikuwa kimya. Mipangilio ya diski na mipangilio ya mashine ni vitu viwili, nikaenda kwenye sauti ya mashine nzima, hapo ilikuwa stereo ya TV, nikachagua HDMI ya resiva, gemu likaanza kumzunguka. Nilipoona uso wake nikajua PS4 haitakaa kwao tena bila spika, shemeji dada atanilaumu.

Kwa optikali PS4 ina kitu ambacho PS3 haina kwa kila gemu, ukichagua Bitstream Dolby au DTS inapakia sauti ya gemu papohapo kuwa 5.1 na kuituma. PS3 kwa optikali inategemea gemu lenyewe limeandaliwa au la. Kwa mwenye hom thieta ya optikali tu anayetaka gemu na muvi, hiyo PS4 ya kwanza ni mali. Haisomi diski za 4K, hata Pro haisomi, usidanganywe na jina.

Jumapili: Xbox One S, mashine isiyopendwa

Nilikuwa na hamu na hii. Ilitoka Agosti 2016 na ndiyo ilikuwa gemu la kwanza kusoma UHD Blu-ray, za GB 66 na 100, miaka minne kabla ya PS5. Huku haina wapenzi kwa sababu marafiki wote wako PS, kwa hiyo mtumba wake unaupata kwa bei ya kutupa, na kama nia yako ni muvi basi wewe ndo unacheka.

Nikaichomeka kwenye resiva kama wenzake, sauti PCM nzuri, ila picha ya diski ya 4K imeshuka 1080p na HDR (ule mwanga na rangi za ziada) imepotea. Sababu ni resiva, diski ya 4K inataka ulinzi wa HDCP 2.2 kwenye kila kifaa cha njiani na ya 2007 haiwezi kuwa nao. Xbox ina HDMI moja tu ya kutolea. Lakini ina optikali! Kwa hiyo HDMI moja kwa moja kwenye TV, optikali kwenye resiva, kwenye mipangilio optikali iwe Dolby Digital. Picha 4K na HDR10, sauti 5.1 ya kubanwa. Watu huchomeka TV halafu wakatoa optikali ya TV kwenda resiva, na hapo TV nyingi zinashusha kila kinachoingia kwa HDMI kuwa stereo, ndo unasikia mtu anasema Xbox yangu haina saraundi. Toa optikali kwenye Xbox yenyewe.

Ina pia jicho la infraredi mbele, rimoti ya bei rahisi inafanya kazi. Kuna raha fulani kusimamisha muvi kwa rimoti ya kweli ukaenda kuchota ubuyu.

Jioni tukaibeba kwa jamaa wa Mbezi mwenye resiva ya Atmos, spika mbili kapachika darini. Atmos ya kwenye diski inasafiri ndani ya TrueHD, ile habari ya "helikopta iko hapa juu" ni maelekezo yaliyofungwa humo, na mashine ikiigeuza TrueHD kuwa PCM ya kawaida maelekezo yanabaki njiani, unapata 7.1 tambarare. Yaani PS3 yangu nene, mfalme wa resiva ya zamani, hapa haifai. Kwenye Xbox unaingia mipangilio ya Blu-ray unaweka tiki pale pa kuiruhusu resiva idikodi yenyewe, kioo cha resiva kikaandika Dolby Atmos na radi ikapiga darini, mtoto wa mwenyewe akakimbilia jikoni. Kwa gemu na programu nyingine kuna ile Dolby Access, kwa hom thieta ni bure, kwa hedifoni ndo wanataka hela. Dolby Vision kwenye diski haina, wala PS5 haina, zote zinaishia HDR10.

Wiki iliyofuata: PS5 ya shemeji

Shem kaitoa kwa masharti, irudi kabla mechi za wikendi. Hii ya diski ya 2020 inasoma UHD, haina optikali kabisa, ni HDMI tu, sawa na Xbox Series X nayo ya Novemba hiyohiyo. Kwa resiva yangu ni PCM na picha 1080p. Ukitaka 4K lazima iende TV kwanza, kisha sauti irudi kwa ARC (TV inarudisha sauti kwa waya uleule wa HDMI), na resiva yangu ARC haijui, na hata ARC ya kawaida haibebi PCM ya chaneli nyingi, mpaka eARC, toleo lake jipya. Kwa hiyo mashine ya bei kubwa kuliko zote kwenye orodha ndo inayonipa uchaguzi mdogo kuliko zote. Sio kosa lake, imeundwa kwa ajili ya vyombo vipya.

Atmos ya diski inaituma, lakini mpaka muvi ikiwa inacheza ubonyeze Options, zile nukta tatu, Audio Format uweke Bitstream, la sivyo inakupa PCM na spika za darini zinalala. Kwa gemu Atmos ilikuja na apdeti ya 2023, kabla ya hapo ilikuwa Tempest, mfumo wao wenyewe wa sauti ya 3D. 3D Blu-ray haisomi wakati PS3 na PS4 zinasoma, kwa wachache wenye TV za miwani bado.

Kimya yake lakini! Muvi nzima sikusikia feni. Hilo nimpe.

Ilivyofungwa sasa

PS3 nene imebaki kwenye HDMI 1 ya resiva, Linear PCM, LFE imepandishwa, inacheza Blu-ray za shangazi, DVD na taarab za mzee. Nimeitoa kwenye kabati nikaiweka pembeni kushoto nyuma ya spika, inapata hewa na feni iko mbali na sikio. Slim ya jirani nimeirudisha, ila nimemwambia akiuza aniambie kwanza, nitaihamishia huko kwa ajili ya kelele tu.

Na ile Xbox One S nimeongea na jamaa wa banda, ananiuzia. HDMI kwenye TV, optikali kwenye resiva tundu la pili, diski za 4K na zile chache za Marekani. Siku nikipata resiva yenye HDCP 2.2 na Atmos nahamisha waya mmoja na Atmos iko tayari. Kilichobaki ni waya wa optikali wa mita tano, wa kawaida wa plastiki, wa sasa ni mfupi na ukipita mtu anaurusha.